Namna ya kuipa maktaba ya Arusha vitabu vya watu wake wote

Kazi hii huanza kwa kuhesabu. Maktaba nyingi huanzia dukani: fedha zikipatikana, mtu anatumwa kununua "vitabu vya makabila", anarudi na vitabu sita vya Wamaasai, vyote vina simba kwenye jalada, na upungufu uliokuwepo unabaki palepale, isipokuwa sasa umeongezewa simba. Kabla shilingi haijatoka, jua rafu zako zina nini, nani yumo humo, na anafanya nini.

Arusha inadai uangalifu kuliko mikoa mingi. Kaskazini hii ndipo zinapokutana lugha ambazo ukoo wao ni wa mbali kabisa: Kimeru, Kichaga, Chasu cha Wapare na Kirangi ni za Kibantu, Kimaa cha Wamaasai na Waarusha, pamoja na Kidatoga, ni za Kiniloti, Kiiraqw ni cha Kikushi, na Kihadzabe cha kandokando ya Ziwa Eyasi hakijapatiwa ndugu anayethibitika. Ongeza familia za Kihindi, Kisomali na Kiarabu zilizokaa mjini vizazi kadhaa. Watoto wa nyumba hizi zote wanaweza kukaa dawati moja, na maktaba ikawapa wote kitabu kilekile cha sungura na fisi.

Hesabu

Weka kando vitabu vya kiada. Hivyo huja kwa mgao na havisemi lolote kuhusu uchaguzi wa maktaba. Kinachohesabiwa ni hadithi, vitabu vya ziada, vya rejea na vya watu wazima. Vikiwa chini ya 300, pitia vyote. Vikizidi hapo, chukua kila kitabu cha tano. Vikipita 1,000, kila cha kumi, ukianzia rafu ya juu kushoto bila kuruka hata kile kilichochanika. Usichague kwa jicho. Jicho huvuta vitabu vizuri, na mwisho hesabu inatoka ikikusifu.

Fanyeni wawili, mmoja akifungua na kusoma, mwingine akiandika. Kitabu cha watoto huchukua dakika tatu au nne, kwa hiyo vitabu 100 ni saa sita hivi. Igawanye kazi kwa siku mbili, maana baada ya saa tatu mtu huanza kuandika asichokisoma. Daftari kubwa linatosha, lenye safu saba:

- lugha ya kitabu;
- mwaka wa chapa;
- mwandishi na mchapishaji ni wa wapi;
- mhusika mkuu ni nani, na anafanya nini;
- hadithi inatokea wapi (mjini, kijijini, mbugani, nchi nyingine, "hapajulikani");
- neno au picha yenye kasoro, na ukurasa wake;
- mara kilizoazimwa katika miezi 12 iliyopita.

Safu ya nne ndiyo inayochosha, na ndiyo yenye majibu. Usiridhike kuandika "Mmaasai" ukapita. Jiulize mambo matatu: ana jina, au ni "Mmaasai mmoja" tu? Anaishi leo, au yuko kwenye "hapo zamani za kale" milele? Anatatua jambo kwa akili yake, au yupo ili mgeni aje amshangae? Kitabu ambacho binti wa Longido ana jina, ana simu ya mama yake mkononi na anatafuta ndama aliyepotea, kina thamani kuliko albamu nzito ya picha za morani wakiruka wakati jua linazama. Albamu zile zilipigwa picha kwa ajili ya meza za sebule za watalii, wala si kosa lao. Kosa ni kuziweka rafu ya watoto kana kwamba zinaeleza majirani zao.

Utakutana pia na tatizo la pili, la kwetu wenyewe. Hadithi nyingi za Kiswahili za watoto zina Juma, Asha na Neema katika kijiji kisicho na mlima, mto wala lugha ya mama. Uandishi huo ulikuwa na sababu: baada ya Uhuru, kutotaja kabila kulihesabiwa kuwa adabu ya taifa, na adabu hiyo imetufaa sana. Lakini kitabu kisichotaja mahali popote hakiwezi kuhesabiwa kuwa kinawakilisha watu wote. Kiandike "hapajulikani". Safu hiyo ikizidi nusu ya hesabu yako, tayari umeshajua pa kuanzia.

Vitabu vya historia na jiografia visome kwa namna yake. Tafuta sentensi ya Mlima Kilimanjaro. Ikisema Johannes Rebmann "aliugundua" mwaka 1848, weka alama: Wachaga walikuwa wakilima migomba kwenye mteremko wake, na mifongo yao, yaani mifereji ya kumwagilia, ikiteremsha maji, kabla mmisionari huyo hajauona. Ikisema Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889, angalia kama wenyeji waliomwongoza wametajwa au msafara ulipanda peke yake. Halafu tazama kama kuna chochote kuhusu Wameru waliohamishwa kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kuwasemea. Au kuhusu Engaruka, chini ya bonde la ufa, ambako mifereji ya mawe ya wakulima wa kale bado inaonekana. Mtoto wa Usa River anayejua Rebmann na hamjui Kirilo amesoma historia ya mlima wa jirani kutoka kwa mpita njia.

Jua wasomaji wako bila kuuliza kabila

Sensa ya 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza watu kabila nchini, na maktaba isilirudishe swali hilo kwa mlango wa nyuma. Usitengeneze orodha ya wanafunzi kwa kabila, hata kwa nia njema. Orodha hizo huvuja, na zikishavuja hazirudi. Gawa karatasi ndogo isiyo na jina, yenye maswali manne: Ukizungumza na bibi au babu mnatumia lugha gani? Nyumbani kwenu mnaishi kwa kazi gani? Sikukuu gani mnapika chakula maalumu? Nani alikusimulia hadithi mara ya mwisho, na ilihusu nini?

Swali la nne lina faida mbili: linakupa hadithi, na linakupa jina la msimulizi utakayemhitaji baadaye.

Kinachoharibu zoezi hili ni mwalimu kusimama karibu. Watoto wamezoea kukatazwa kilugha shuleni, kwa hiyo mbele ya mwalimu karibu wote wataandika "Kiswahili". Mpe karatasi mwanafunzi wa darasa la sita azigawe, na ziwekwe kwenye boksi lenye tundu. Kwa maktaba ya umma, weka boksi karibu na mlango kwa wiki mbili, siyo mezani kwa mkutubi.

Sasa linganisha. Tuseme karatasi 200 zimeonyesha kwamba 60 wanatumia Kimaa na wazee wao, 50 Kimeru, 25 Kiiraqw, 15 Chasu, na wengine lugha nyingine. Huhitaji kununua vitabu kwa uwiano huohuo. Maktaba si bunge la viti maalumu. Unachotafuta ni sifuri. Kundi lenye watoto 25 na vitabu sifuri ndilo la kwanza kwenye orodha ya manunuzi, kabla ya kuongeza cha saba kwa kundi ambalo tayari lina sita.

Kununua, na mahali pa kupata

Kwa shule, jambo la kwanza ni ithibati. Vitabu vya ziada vinavyotumika shuleni vinatakiwa viwe vimepitishwa na mamlaka za elimu, na mwezi Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na maadili. Kwa hiyo muulize Afisa Elimu orodha ya sasa kabla ya kulipa, na hifadhi nakala ya orodha hiyo kwenye faili la manunuzi. Ukaguzi ukija, faili hilo ndilo litakalokusemea. Maktaba za umma zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania zina utaratibu wao wa uteuzi na zina uhuru mpana zaidi kwa vitabu vya watu wazima.

Wachapishaji wa nyumbani ndio wa kuanza nao: Mkuki na Nyota, E&D Vision, Readit, pamoja na vitabu vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991. Waombe katalogi na uwaulize swali moja mahususi: "Mna hadithi zipi zinazotokea Arusha, Kilimanjaro au Manyara, zikiwa na wahusika wa leo?" Ukiuliza "mna vitabu vya utamaduni?" utaletewa ngano na vitendawili, navyo unavyo tayari.

Katika kila shilingi 100 za manunuzi, gawanyo linalofaa kwa maktaba ya msingi yenye upungufu ni kama ifuatavyo: 50 kwa hadithi za Kiswahili zenye mahali na watu wanaojulikana, 15 kwa maarifa na historia ya kaskazini, 15 kwa vitabu vya nchi nyingine za Afrika na dunia, 10 kwa machapisho ya herufi kubwa, na 10 kwa kutengeneza vitabu vyenu wenyewe. Herufi kubwa hapa maana yake ni pointi 16 hadi 18, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa. Vinawafaa watoto wenye ualbino, ambao wengi wao wana uoni hafifu, vinawafaa wazee wa maktaba ya umma, na vinawafaa watoto wa darasa la kwanza, ingawa hakuna aliyewakusudia hao.

Nunua nakala tatu za kitabu kimoja kizuri kabla ya nakala moja moja za vitabu vitatu vya wastani. Nakala moja ikipendwa hupotea ndani ya muhula, na kundi lililokuwa na kitabu kimoja linarudi kwenye sifuri.

Kwa lugha za mama, soko ni dogo sana. Mara nyingi kilichochapishwa ni Biblia, nyimbo za kanisa na misamiati ya wanaisimu; mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichapa misamiati ya lugha kadhaa, na inastahili nafasi kwenye rafu ya rejea. Kwa watoto, tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi zilizo huru kuchapwa upya, zikiwemo za Kimaa, nyingi zikiwa zimeandikwa Kenya. Zichape, lakini mpe kwanza msemaji wa Kimaa wa Monduli azisome kwa sauti, kwa sababu kuna maneno ya upande ule ambayo huku yatachekesha pasipostahili kicheko.

Chagua matoleo ya lugha mbili, Kiswahili juu na lugha ya mama chini. Lugha ya kufundishia haibadiliki, mwalimu asiyejua Kimaa anaweza kufuatilia, na mtoto wa jirani naye anapata pa kuchungulia. Hii pia hupunguza mashaka ya mzazi anayedhani mtoto anarudishwa nyuma.

Maboksi ya msaada

Maktaba za Arusha hupokea vitabu vingi kutoka nje, kwa sababu wageni ni wengi na kila mmoja hupenda kuacha kitu. Andika karatasi moja ya masharti, ipigwe muhuri wa shule, na itolewe kabla boksi halijafungwa huko linakotoka. Iseme: tuma orodha kwanza, nakala zisizidi tano kwa kitabu, hatupokei vitabu vya kiada vya mitaala mingine, ensaiklopidia zilizopitwa na wakati, wala vijitabu vya kubadilisha watu dini, tuna haki ya kugawa kwingine tusichokihitaji. Ukishapokea kontena ndipo uanze kuchambua, utakuwa umegeuka ghala, na vitabu vya mtoto wa Karatu vitakosa nafasi kwa sababu rafu zimejaa.

Usikatae kitabu kwa sababu tu kina theluji, hata hivyo. Watoto wa Moshi huiona theluji kila asubuhi mawingu yakiruhusu, na hawana kitabu hata kimoja kinachosema inafanya nini pale juu.

Vitabu vya dini vinahitaji mizani. Taasisi nyingi za hapa zilianzishwa na makanisa, na vitabu vya Kikristo hujijaza bila mtu kuamua. Maktaba ya umma ihakikishe Uislamu, Uhindu, Usikh na dini za jadi vina vitabu vilivyoandikwa na wenye imani hizo au watafiti wa kuaminika, wala si vitabu vilivyoandikwa kuzikosoa.

Kutengeneza vitabu vyenu

Upungufu mkubwa hautajazwa na duka, kwa hiyo hapa ndipo pa kutumia muda.

Chukua majina ya wasimulizi uliyopata kwenye karatasi. Anza na wawili, siyo kumi. Nenda na simu yenye nafasi ya kutosha, kaa ndani mbali na barabara na kuku, na mpe mzee asimulie kwa lugha yake mara moja bila kukatizwa. Maswali yaje baadaye. Wapo wazee wasiosimulia hadithi mchana, na wapo wenye hadithi zisizosimuliwa mbele ya wasiotahiriwa au mbele ya jinsia nyingine. Uliza mapema: "Hii inaweza kuwekwa kwenye kitabu ambacho mtoto yeyote atakisoma?" Akisema hapana, imekwisha. Akisema ndiyo, andika makubaliano ya mistari mitatu, asaini au aweke dole gumba, naye abaki na nakala. Jina lake litoke kwenye jalada kama msimulizi, na la mwalimu kama mwandikaji. Maktaba nyingi hukosea kwa kuandika "Hadithi ya Kimaasai" na kulifuta jina la bibi aliyeisimulia, kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni.

Tahajia isifanyiwe ubahili. Kiiraqw huandikwa kwa hh, q, sl, tl na mkwaju ( / ) unaosimama kama herufi ndani ya neno. Mchapaji wa mjini akiuona mkwaju huufuta akidhani ni kosa la chapa, na neno linageuka jingine. Vidoko vya Kihadzabe, yaani sauti za kugonga ulimi, huandikwa kwa c, q na x. Mwandikie mchapaji karatasi ya herufi hizo, na usome nakala ya majaribio ukiwa na msemaji pembeni. Kisha rudi kwa msimulizi umsomee maandishi yote. Hapo ndipo hugundulika kwamba "mjomba" wa Kiswahili hakuwa mjomba, au kwamba ng'ombe alikuwa na rangi ambayo Kimaa ina jina lake na Kiswahili kimeiita "madoadoa" tu.

Kitabu chenyewe ni rahisi. Karatasi za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa nne kila moja, kwa hiyo kurasa 16 ni karatasi nne na kurasa 24 ni karatasi sita. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mahali pabaya. Jalada liwe la manila. Kwa darasa la kwanza na la pili, maneno 10 hadi 40 kwa ukurasa kwa kila lugha. La tatu na la nne, 60 hadi 100. Shona mgongo kwa matundu matatu, sindano ya mkeka na uzi wa nailoni. Pini za stepla hushika kutu msimu wa masika, na kurasa za katikati huanza kudondoka. Michoro iwe ya mistari myeusi, kwa sababu fotokopi hugeuza picha ya rangi kuwa tope. Na mchoraji aende akaone anachochora. Nyumba ya Kichaga, boma la Kimaasai na nyumba ya Kiiraqw zikichorwa na mtu wa mezani hutoka zote msonge mmoja wa nyasi.

Chapa nakala 20 za majaribio, zisomwe muhula mmoja, rekebisha, ndipo uchape zaidi. Ukitaka kuziuza au kuzigawa nje ya shule, omba ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Bodi ya Huduma za Maktaba.

Majina kwenye katalogi

Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, una mielekeo yake na ni vizuri kuijua. Kuanzia 220 hadi 289 ni Biblia na Ukristo, wakati Uislamu wote umebanwa 297 na dini za jadi za Kiafrika 299.6. Hilo hulitatui wewe, ila unaweza kulipunguza makali kwa kuweka rafu hizo zikitazamana badala ya kuziacha za mwisho ziangukie nyuma ya mlango. Mtego mbaya zaidi ni 398.2, namba ya ngano. Mtu asiye makini hutupa humo kila kitabu chenye jina la kabila, hata hadithi ya leo iliyotungwa na mwandishi aliye hai. Ya namna hiyo ikiwa ya Kiswahili ni fasihi, 896.392, ikiwa ni historia ya nchi yetu, 967.8.

Majina ya watu yasahihishwe kwenye kadi. Wanaoitwa Wamang'ati ni Wadatoga; "mang'ati" ni neno la Kimaa lenye maana ya adui, na hakuna anayejiita adui. Wambulu wa Karatu na Mbulu ni Wairaqw. Watindiga ni Wahadzabe. Wasonjo wa Ngorongoro hujiita Wabatemi. "Ndorobo" limetokana na Kimaa kwa maana ya maskini asiye na ng'ombe, na limebandikwa jamii kadhaa tofauti. Waarusha na Wamaasai wanazungumza Kimaa wote, lakini Waarusha ni wakulima wa miteremko ya Meru tangu zamani, wasiunganishwe kwenye kadi moja. Weka jina la wenyewe kuwa kichwa, na la zamani liwe na kadi fupi: "Mang'ati, tazama Wadatoga." Usifute maneno ndani ya kitabu kwa kalamu, utaharibu ushahidi.

Kuhusu rafu yenyewe: usitenge "Rafu ya Makabila", na usibandike rangi kwa kila kabila. Ndani ya wiki mbili watoto watakuwa wanaitana kwa rangi. Vitabu vikae na vya aina yake, hadithi na hadithi. Meza ya maonyesho ya mwezi inatosha kuvitoa mbele.

Vitabu vyembamba vya watoto havina mgongo wa kuandikwa, kwa hiyo ukivipanga wima kama vya watu wazima vinapotea, na kwa bahati mbaya vingi vya wachapishaji wa nyumbani ni vya namna hiyo. Viweke kwenye visanduku au vikapu, majalada yakitazama mbele, vitabu 25 hadi 30 kwa kimoja, kwa kimo kisichozidi sentimita 110 kwa wadogo. Rafu iwe mbali na ukuta kwa sentimita tano, na ya chini kabisa iinuke sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa ajili ya unyevu na mchwa.

Vya kuondoa, na malalamiko

Kitabu chenye dharau huondolewa rafu ya watoto. Kwenye maktaba ya umma kinaweza kubaki sehemu ya rejea, kwa sababu mtafiti atahitaji kuona watu waliandikwaje enzi za mkoloni. Kwa vyovyote, hiyo ni mali ya umma: kiandikwe kwenye orodha, sababu na ukurasa, orodha ipitishwe na mkuu wa shule na kamati, ndipo kifutwe kwenye rejesta. Moto usiwake kabla ya saini.

Mzazi akilalamika, mpe fomu yenye maswali matatu: umekisoma chote? Ukurasa gani? Unapendekeza nini? Kamati ya watu watano, akiwemo mzazi mmoja asiye wa upande wa mlalamikaji, ikisome chote na ijibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kitabu chenye ithibati kibaki rafuni wakati huo. Malalamiko mengi huishia kwenye swali la kwanza.

Siku za kuazima

Baada ya mihula miwili, rudia safu ya saba ya daftari, ile ya kuazimwa. Kitabu cha Kimaa kisichoazimwa hata mara moja hakijathibitisha kwamba watoto hawakitaki. Huenda kiko juu mno. Huenda mtoto anaogopa kuchekwa, au anakizungumza Kimaa vizuri na hajawahi kukisoma, maana hakuna aliyemfundisha. Mwalike mzazi mmoja kila Ijumaa asome dakika 20 kwa sauti, akishika kitabu watoto wakione, kisha kiazimishwe palepale.

Angalia pia kanuni ya kurudisha kitabu ndani ya siku 14. Imewekwa kwa familia inayokaa mahali pamoja mwaka mzima. Kiangazi, mtoto wa mfugaji anaweza kufuata mifugo wiki kadhaa. Desemba, watoto wengi wa Kichaga wako Rombo, Kibosho au Machame. Kwa nyakati hizo toa wiki sita bila faini. Kwa maboma ya mbali, pakia vitabu 30 kwenye tranka la bati lenye kufuli, orodha ikiwa imegundishwa ndani ya kifuniko, na ufunguo akabidhiwe mama mmoja anayejua kusoma. Tranka libadilishwe kila baada ya miezi mitatu na pikipiki ileile inayopeleka chanjo au bidhaa za duka, na vitatu au vinne vitakavyopotea viandikwe kwenye bajeti mapema.